Kuachiwa na Korti Si Kurudishiwa Kiti: Tunayokosea Kuhusu Gavana Mecham

Mteja aliingia ofisini kwangu hapa Mombasa na bahasha ya kaki mkononi, akakataa kuketi. "Wakili, korti imenisafisha. Sasa nataka ofisi yangu." Alikuwa waziri wa kaunti. Bunge la kaunti lilimng'oa, halafu hakimu akamwachilia katika kesi ya jinai. Nikamuuliza, "Mzee, bunge lilikuondoa kwa tuhuma zipi?" Akanikazia macho kana kwamba nimeuliza jina la mamake. "Si ni hizo hizo?"

Hazikuwa hizo hizo. Karibu kila mara huwa si hizo hizo. Huyu alikuwa wa nne mwaka huu, na wote wanne walikuja na bahasha ya kaki.

Mazungumzo yakifika hapo huwa namtaja Evan Mecham, gavana wa zamani wa Arizona, Marekani, aliyefariki 2008. Nimemtumia miaka mingi kwenye semina za wawakilishi wadi na makarani wa mabunge ya kaunti, kwa kuwa ndani ya miezi 15 ya uongozi alikumbwa na mambo matatu kwa mpigo: wananchi wakikusanya saini za kumtoa, bunge likimshitaki, na kesi ya jinai ikimsubiri kortini. Kabla yake hakuna gavana wa Marekani aliyewahi kubanwa na yote matatu kwa wakati mmoja. Tatizo ni kwamba siku hizi wateja wakitoka kwangu wanakwenda kumsaka kwenye intaneti, wanarudi na hadithi yake imesimama kichwa chini miguu juu. Ndiyo maana naandika haya, nipunguze kurudia maneno.

Kwa asiyemjua: Mecham alikuwa muuza magari ya Pontiac mjini Glendale, mhafidhina wa mrengo wa kulia kabisa wa chama cha Republican, rubani wa kivita wa Vita vya Pili vya Dunia aliyewahi kutunguliwa na kushikwa mateka. Aliwania ugavana 1964, 1974, 1978 na 1982, akaanguka mara zote nne. Mwaka 1986, jaribio la tano, akamwangusha kwenye mchujo wa chama Burton Barr, kigogo aliyeongoza Republican bungeni kwa miaka 20, kisha akaupata ugavana wenyewe. Aliapishwa Januari 1987. Aprili 1988 alikuwa ameshakwenda nyumbani.

"Mahakama ilimwona hana hatia, kwa hiyo Seneti ilimwonea"

Hii ndiyo inayonipandisha presha, kwa hiyo nivumilieni.

Kweli, tarehe 16 Juni 1988 Mecham na kaka yake Willard waliachiliwa huru katika makosa yote. Hilo halina ubishi. Lakini hebu tusome karatasi, maana hakuna anayesoma karatasi.

Baraza la Wawakilishi la Arizona liliipelekea Seneti tuhuma tatu. Ya kwanza, kuzuia haki isitendeke. Afisa mmoja wa serikali yake alidaiwa kumtishia maisha aliyekuwa msaidizi wa gavana. Mkuu wa idara ya usalama wa umma, Ralph Milstead, alieleza kwamba gavana alimwagiza asishirikiane na mwanasheria mkuu katika uchunguzi wa kitisho hicho. Ya pili, kuficha mkopo wa dola 350,000 wa kampeni kutoka kwa mwekezaji mmoja wa majengo, mkopo ambao haukuonekana kwenye taarifa za fedha alizotakiwa kujaza kisheria. Ya tatu, kuchukua dola 80,000 kutoka mfuko wa itifaki wa gavana na kuikopesha kampuni ya magari. Kampuni ipi? Yake mwenyewe.

Sasa tazama kilichofuata. Kesi ya jinai, yenye makosa sita, ilihusu mkopo wa 350,000. Na Seneti, kwa kuona kesi hiyo iko njiani na kwa kuogopa kuiharibia haki ya mshitakiwa, iliiweka kando tuhuma ya mkopo, haikuiamua kabisa. Ilibaki na mbili: kuzuia haki, na ile 80,000. Katika hizo ndimo ilimtia hatiani tarehe 4 Aprili: kura 21 kwa 9 ya kwanza, 26 kwa 4 ya pili. Zilihitajika 20 kati ya maseneta 30.

Ina maana gani? Ina maana kwamba kile alichoachiliwa na mahakama ndicho ambacho Seneti haikumhukumia, na kile alichohukumiwa na Seneti hakikuwa ndani ya hati ya mashtaka ya korti. Vyombo viwili havikupingana, kwa sababu havikuwa vikizungumzia jambo moja! Mtu anaponiambia "mahakama ilipindua uamuzi wa Seneti", huwa nashusha kalamu nikanywa maji.

Haya, tuseme tuhuma zingekuwa zile zile neno kwa neno. Bado isingemsaidia. Kesi ya jinai inataka ushahidi usioacha shaka ya maana, kwa kuwa mwisho wake ni jela. Bunge halikufungi. Halikutozi faini wala halikuachi na rekodi ya polisi. Linakuuliza swali jingine kabisa: je, huyu bado anafaa kushika ufunguo wa ofisi ya umma? Katiba ya Arizona inaruhusu gavana aondolewe si kwa uhalifu peke yake, bali hata kwa mwenendo mbaya akiwa kazini. Mwenendo mbaya hauna kifungo cha miaka wala miezi. Bawabu wa duka lako akikutwa anampa shemejiye ufunguo wa stoo usiku, utasubiri hakimu aseme ni wizi ndipo umtoe mlangoni?

Na kwa wenzangu wa Kenya wanaodhani haya ni ya Wamarekani: fungueni Ibara ya 181 ya Katiba ya 2010. Gavana wa kaunti anaweza kuondolewa kwa kukiuka Katiba au sheria kwa kiwango kikubwa, kwa kuwepo sababu nzito za kuamini kwamba ametenda uhalifu, kwa kutumia vibaya ofisi au mwenendo mbaya kupindukia, au kwa kushindwa kiafya. Soma tena hilo la pili. Sababu nzito *za kuamini*. Hapakuandikwa "baada ya kupatikana na hatia". Walioandika hawakuwa wamelala.

Nirudi kwenye ile 80,000, kwa sababu humo mna dhana nyingine imejificha, na ndiyo wanayoipenda zaidi wateja wangu: "lakini alirudisha". Naam, zilirudishwa, tena na riba. Mecham alishikilia pia kwamba pesa zile zilitoka kwenye sherehe ya kuapishwa kwake, kwa hiyo hazikuwa za umma. Maseneta 26 hawakukubali. Mimi nawaelewa. Pesa iliyowekwa mahali kwa ajili ya ofisi ya gavana haigeuki yako kwa sababu ilichangwa na marafiki zako ukumbini huku bendi ikipiga. Na kurudisha hakufuti kuchukua, kunapunguza tu hasara ya mwenye mali. Ushauri wangu kwa kila anayeshika cheo, na nitautoa hata kama hukuniuliza: ukihitaji mkopo wa biashara, nenda benki kama sisi wengine, upange foleni, unyimwe.

Mteja wangu wa bahasha ya kaki aliniuliza hapo, "Kwa hiyo hata nikishinda rufaa zote?" Nikamwambia, "Mzee, hata ukishinda zote, umeshinda kesi nyingine." Kama bunge lilimng'oa bila kumsikiliza, au bila kura za kutosha, hapo ana jambo la kupeleka mahakamani: utaratibu. Mahakama inaweza kuuliza kama bunge lilifuata sheria katika kumwondoa. Hukumu ya jinai haimrudishi. Arizona haikuwa na mlango wa kumrudishia Mecham kiti baada ya Juni. Rose Mofford, katibu wa jimbo aliyekirithi, aliendelea kukikalia hadi muhula ulipomalizika mwanzoni mwa 1991.

"Aliondolewa kwa sababu ya sikukuu ya Martin Luther King"

Hii naisikia zaidi kwa vijana, na naelewa ilikotoka, kwa sababu ndiyo iliyompa jina duniani. Mtangulizi wake, Bruce Babbitt wa Democratic, aliitangaza sikukuu hiyo kwa amri ya kiutawala mwaka 1986. Mwanasheria mkuu wa jimbo akatoa maoni kwamba gavana hana mamlaka hayo peke yake. Mecham aliifuta siku chache tu baada ya kuapishwa. Angeweza kuifuta kimya, kwa hoja ya kisheria, kisha akaliomba bunge liipitishe. Yeye akaongeza maneno. Alitetea hata neno la dharau la zamani linalotumika kwa watoto weusi. Mikutano mikubwa ikahamishwa, Stevie Wonder akasema hatatumbuiza Arizona, hoteli zikalia.

Lakini katika tuhuma tatu zilizofika Seneti, tafuta jina la King. Halimo. Kufuta amri ya mtangulizi si kosa la kumng'olea gavana, hata kama ni upumbavu wa kisiasa. Sikukuu ilimnyima marafiki. Siku aliyohitaji watu wa kumtetea, hawakuwepo. Hilo ni jambo jingine, na wanasiasa wetu wangelifikiria kabla ya kushika kipaza sauti.

"Wapinzani ndio waliomng'oa"

Republican walikuwa na wingi katika mabaraza yote mawili. Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 60 lilimshitaki kwa kura 46 dhidi ya 14, Februari 1988. Hesabu hiyo haipatikani bila chama chake mwenyewe. Spika Joe Lane, aliyesimamia mchakato, alikuwa Republican, na wafuasi wa Mecham walimlipa kwa kumwangusha kwenye mchujo mwaka huo huo. Barry Goldwater, mzee aliyewahi kupeperusha bendera ya wahafidhina wa Marekani nzima, alimtaka ajiuzulu mapema, mwaka 1987. Mecham hakusikia. Mhafidhina aling'olewa na wahafidhina.

Tena walijua gharama yake. Arizona wakati huo haikuwa na naibu gavana: aliyekuwa akirithi ni katibu wa jimbo, na katibu wa jimbo alikuwa Mofford, wa Democratic. Kila Republican aliyenyosha mkono alikuwa anakabidhi ikulu ndogo ya jimbo kwa chama pinzani. Nikiwa semina huwa nauliza wawakilishi wadi wangapi kati yao wangefanya hivyo. Wanacheka, halafu wanatazama simu.

(Mofford mwenyewe ana kisa. Alikuwa katibu wa jimbo tayari mwaka 1978 gavana Wesley Bolin alipofariki, lakini alirukwa kwa kuwa aliteuliwa, hakuchaguliwa. Kiti kikaenda kwa mwanasheria mkuu aliyefuata kwenye mstari, naye ndiye Babbitt. Akasubiri miaka kumi, safari hii akiwa amechaguliwa. Akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Arizona.)

"Wananchi walikusanya saini, ndizo zilizomtoa"

Hapana. Zilikaribia. Wakusanyaji walianza Julai 1987, mara tu sheria ilipowaruhusu baada ya miezi sita ya gavana ofisini. Walihitaji saini 216,746, wakapeleka zaidi ya 300,000. Uchaguzi wa kumrudisha nyumbani ukapangwa tarehe 17 Mei 1988. Seneti ikawahi. Mahakama ya Juu ya Arizona ikaufuta uchaguzi huo, kwa kuwa wa kurudishwa nyumbani alishakuwa nyumbani.

Watu huchanganya njia hizi mbili kama chumvi na sukari. Wananchi wakikutoa kwa kura hawana haja ya kuthibitisha kosa, wamekuchoka, basi. Bunge likikutoa lazima litaje kosa na lisikilize utetezi. Na tafadhali, msinipigie simu kuuliza namna ya kukusanya saini za kumtoa gavana wa kaunti. Ibara ya 104 inahusu wabunge. Gavana ana njia yake, ile ya 181.

"Baraza lilipopiga kura, alikuwa ameshatimuliwa"

Kushitakiwa na bunge ni kufunguliwa kesi, si kufungwa. Rais wa Marekani akishitakiwa na Baraza la Wawakilishi anaendelea na kazi hadi Seneti iamue. Nadhani kinachowachanganya watu ni kwamba gavana wa Arizona husimamishwa mara baraza likimshitaki. Kwa hiyo Mofford alikaimu tangu Februari, wakati Mecham bado ni gavana kwa jina na mshahara, akijitetea mbele ya Seneti iliyoongozwa na Jaji Mkuu wa jimbo, Frank Gordon. Wiki hizo mbili tatu za kwanza nimewahi kuona watu wazima wakizibishania hadi chai ikapoa. Mpangilio ni huu: kushitakiwa, kusimamishwa, kusikilizwa, kuondolewa. Hatua nne.

"Alichaguliwa na wengi, nani ana haki ya kumtoa?"

Alipata takribani asilimia 40. Walikuwa wagombea watatu wenye nguvu: yeye, Carolyn Warner wa Democratic, na Bill Schulz aliyejisimamia mwenyewe na kuzigawa kura za waliomkataa Mecham. Hilo halimfanyi kuwa gavana nusu, alishinda kihalali kabisa. Ila "wengi" wanaotajwa hapa ni wale sita kati ya kumi waliompigia mtu mwingine.

Arizona iliumia kiasi cha kubadili katiba yake mwaka 1988, ikataka mshindi avuke nusu ya kura. Uchaguzi uliofuata, wa 1990, ukagoma kutoa mshindi, watu wakarudi vituoni Februari 1991. Wakachoka. Mwaka 1992 wakakifuta kifungu hicho. Dawa nyingine huumiza kuliko ugonjwa, sina la kuongeza.

"Ndiye aliyewakosesha Super Bowl"

Super Bowl ni fainali ya kila mwaka ya kandanda ya Kimarekani. Ile ya 1993 ilihamishiwa Pasadena, California, baada ya wapiga kura wa Arizona kuikataa sikukuu ya King katika kura ya Novemba 1990. Wakati huo Mecham alikuwa nje ya ofisi miaka miwili na zaidi. Aliwasha moto, nakubali. Wapiga kura wenyewe ndio waliouchochea. Waliipitisha 1992, na Super Bowl ikachezwa Tempe 1996.

"Ukishang'olewa, huruhusiwi kuwania tena maishani"

Inategemea uko wapi, na hapa ndipo natamani wateja wangu wangesoma kwa makini, maana ni jambo la riziki yao.

Arizona, Seneti hupiga kura mbili tofauti: moja ya kumtia hatiani, nyingine ya kumfungia mlango wa vyeo vya umma. Ile ya pili waliipa jina la Dracula, yule mfu asiyekaa kaburini. Kwa Mecham kura zilikuwa 17 dhidi ya 12, zikapungua tatu kufika 20. Kwa hiyo mtu aliyetoka kuhukumiwa kwa kura 26 aliruhusiwa kurudi uwanjani alasiri ile ile. Akarudi: aliwania ugavana 1990, akaanguka kwenye mchujo mbele ya Fife Symington, 1992 akawania useneti wa Marekani bila chama dhidi ya John McCain, akaambulia kama asilimia kumi. Symington, aliyeupata ugavana, naye alitiwa hatiani na korti ya shirikisho mwaka 1997 na kujiuzulu, hukumu ikabatilishwa 1999. Hakuna aliyemrudishia ugavana. Mnaona tena?

Kwetu Kenya mlango hauna kura ya pili. Ibara ya 75 inasema aliyeondolewa kwa kukiuka kanuni za uadilifu zilizotajwa humo hawezi kushika ofisi nyingine ya dola. Mike Sonko aling'olewa ugavana wa Nairobi Desemba 2020, akaja Mombasa kuutaka ugavana wa 2022. Mabango yalishatundikwa. Julai 2022 Mahakama ya Juu ilithibitisha kuondolewa kwake, na jina lake halikuwa kwenye karatasi ya kura.

Mteja wangu alisikiliza hadi hapo, ndipo akaketi. Akaifungua bahasha, akatoa hukumu ya korti, akaiweka mezani. Nikamwomba ile karatasi nyingine, ya hoja ya bunge la kaunti. Alikuwa ameiacha nyumbani, chini ya godoro, kwa sababu hakupenda kuiona.